Ngano Isiyo na Paukwa: Ushahidi na Hofu katika Bunilizi ya Kutisha

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali ambalo wahakiki wamelijibu kwa namna mbalimbali kwa zaidi ya karne mbili: kwa nini msomaji anayejua fika kwamba anachokisoma kimebuniwa huogopa, na akishaogopa, kwa nini hukitafuta tena kile kilichomwogofya? Wengi wamelielekeza swali hili kwenye kiumbe cha kutisha chenyewe, yaani mzuka, maiti inayotembea, au mnyonya damu. Sisi tunapendekeza lielekezwe kwenye namna ya kusimulia.

Sababu ya pendekezo hili iko karibu nasi. Ngano za Kiswahili zimejaa mazimwi. Zimwi hula watu, humeza kijiji kizima na hugeuza umbo ili lioe binti wa watu. Hata hivyo mtoto anayesimuliwa habari hizo jioni hucheka, huitikia wimbo, kisha hulala. Hofu anayoipata ni ndogo na ya muda, kwa kuwa kabla ya zimwi kuingia, fanani amekwisha kusema "Paukwa!" naye amekwisha kuitika "Pakawa!" Kwa mwito na mwitiko huo pande mbili hukubaliana kwamba yatakayosemwa ni ya ulimwengu mwingine. Mtoto huyo huyo, akiambiwa na mwenzake njiani kwamba jana usiku mtu fulani aliliona jitu nyuma ya kisima, hatatoka nje baada ya magharibi. Kiumbe ni kile kile. Kilichobadilika ni mkataba.

Dai letu, basi, ni kwamba bunilizi ya kutisha ni ngano iliyoficha paukwa yake. Hutisha kwa kuazima umbo la ushahidi ambalo jamii ya wakati wake hulitumia kuthibitisha kweli, na kulifanya umbo hilo litoe ushahidi wa jambo lisilowezekana. Tutalifuatilia dai hili katika riwaya na hadithi za Kiingereza kuanzia 1764 hadi 1898, kipindi ambamo utanzu huu ulizaliwa na kukomaa, kisha tutauliza lina maana gani kwetu katika Afrika Mashariki.

2.0 Majibu ya Waliotutangulia

Jibu kongwe ni la Aristotle, aliyeona kwamba tanzia huamsha huruma na hofu na kwa njia hiyo huzitakasa hisia hizo. Edmund Burke (1757) alihamishia mjadala kwenye umbali. Kwake hofu ni chimbuko la hisia ya utukufu, na hatari ikitukaribia mno huumiza tu, lakini ikitazamwa kutoka mbali huweza kufurahisha. John Aikin na dada yake Anna Laetitia Aikin (1773), katika insha fupi kuhusu raha itokanayo na vitu vya kuogofya, walikuwa waangalifu zaidi. Waliona kwamba mara nyingi msomaji hafurahii hofu yenyewe. Huivumilia kwa sababu udadisi umekwisha kumnasa, na maumivu ya kutojua mwisho ni makali kuliko maumivu ya kuogopa. Aidha walikiri kwamba mambo ya ajabu yaliyo makubwa huipanua akili, na hapo maumivu hugeuka msisimko.

Karne mbili baadaye Noël Carroll (1990) aliufufua msimamo unaokaribiana na huu. Kwake kiumbe wa kutisha ni yule anayevunja mipaka ya makundi tunayoyatumia kuuelewa ulimwengu: hai na mfu kwa pamoja, mtu na mnyama kwa pamoja. Kiumbe huyo huchukiza, lakini huibua pia udadisi, kwa maana hadithi za aina hii mara nyingi ni hadithi za kugundua na kuthibitisha. Carroll alitambua kwamba katika ngano kiumbe kama huyo hukubalika kuwa sehemu ya kawaida ya ulimwengu wake, na ndiyo maana hatishi kwa namna ile ile.

Tunakubaliana na sehemu kubwa ya maelezo hayo. Hata hivyo yanaacha pengo. Ikiwa kiini cha raha ni kuthibitisha, sharti tuulize kwamba kuthibitisha huko hufanywa kwa hati gani, kwa kauli ya nani na kwa chombo gani. Historia ya utanzu huu inatupa majibu.

3.0 Hati ya Kusingizia: Walpole

Mnamo Desemba 1764 kilitolewa London kitabu kiitwacho The Castle of Otranto. Jalada lilisema kwamba kimetafsiriwa na William Marshal kutoka katika Kiitaliano cha Onuphrio Muralto, kanoni wa kanisa la Mtakatifu Nicholas mjini Otranto. Dibaji ilieleza kwamba kitabu cha asili kilipigwa chapa Naples mwaka 1529 na kugunduliwa katika maktaba ya familia moja kongwe ya Kikatoliki kaskazini mwa Uingereza. Hayakuwapo hayo yote. Mwandishi alikuwa Horace Walpole, mbunge na mwana wa waziri mkuu wa zamani.

Ndani ya riwaya hiyo kofia kubwa ya chuma huanguka kutoka juu na kumponda bwana arusi, na picha ya babu hutoka katika fremu yake na kutembea. Msomaji wa leo huenda akatabasamu. Lakini mshairi Thomas Gray alimwandikia Walpole kutoka Cambridge kumweleza kwamba kitabu kimewafanya wote kwa jumla waogope kwenda kulala.

Kilichofuata kina mafunzo zaidi. Katika chapa ya pili ya 1765 Walpole alikiri kwamba kazi ni yake. Jarida la Monthly Review, ambalo awali lilikuwa limekipokea kitabu kwa wema kama masalio ya zama za ushirikina, sasa lilimkemea mwandishi wa karne iliyoelimika kwa kuyarudisha mambo hayo. Matukio ya hadithi yalikuwa yale yale, lililobadilika ni jibu la swali, "Nani anasema?" Hati ya 1529 ilikuwa shahidi asiyeweza kuhojiwa, lakini Walpole alikuwa mtu anayejulikana mtaani. Tangu kuzaliwa kwake, basi, utanzu huu umetegemea karatasi iliyookotwa.

4.0 Pazia Jeusi: Radcliffe na Austen

Ann Radcliffe alichagua njia nyingine. Katika The Mysteries of Udolpho (1794), riwaya ya majuzuu manne, ushahidi ni wa macho na masikio ya msichana mmoja, Emily, aliyefungiwa katika kasri la milimani Italia. Anasikia muziki usiku. Anaona mwanga usio na mbebaji. Anaifunua picha iliyofunikwa kwa pazia jeusi, anachungulia, anazimia. Msomaji haambiwi aliona nini ila karibu na mwisho wa kazi, ambapo hudhihirika kwamba ilikuwa sanamu ya nta. Kila la ajabu katika Udolpho hatimaye hupewa sababu ya kawaida.

Katika insha yake iliyochapishwa mwaka 1826, baada ya kifo chake, Radcliffe alitofautisha hofu na kitisho. Hofu huja pamoja na mashaka na kutoonekana wazi. Huikunjua nafsi na kuziamsha nguvu zake. Kitisho ni kukikabili kitu chenyewe waziwazi. Huikunja nafsi na kuigandisha. Tofauti hii imenukuliwa mara nyingi kama kanuni ya mtindo. Sisi tunaiona pia kama kanuni ya ushahidi. Shahidi wa Radcliffe ni mkweli, ila ushahidi wake ni pungufu, na hofu hukaa katika upungufu huo. Ndiyo sababu ufafanuzi wake wa mwisho huwavunja moyo wasomaji wengi: kesi imefungwa.

Jane Austen aliliona jambo hili kwa jicho la kejeli. Katika Northanger Abbey, iliyotolewa mwishoni mwa 1817, msomaji mwaminifu wa Radcliffe aitwaye Catherine Morland anagundua usiku karatasi zilizofichwa kabatini, na asubuhi anakuta ni orodha za nguo za dobi. Mara nyingi sehemu hii huchukuliwa kuwa dhihaka tu. Lakini Austen hakusema kwamba Catherine amekosea kuhofu. Jenerali mwenye nyumba anakuja kudhihirika kuwa mtu katili kwa namna ya kawaida kabisa, anayemfukuza mgeni wake bila msindikizaji kwa sababu za fedha. Kosa la Catherine lilikuwa la kusoma ushahidi wa tanzu moja kwa kanuni za tanzu nyingine. Tutaona hapa chini kwamba kosa la namna hiyo laweza kugharimu zaidi ya aibu.

5.0 Maabara na Kitanda cha Mgonjwa: Shelley na Poe

Frankenstein ilichapishwa Januari 1818, bila jina la mwandishi, kwa nakala 500. Mary Shelley aliianza kiangazi cha 1816 kando ya ziwa Geneva, katika mwaka ambao hewa ilikuwa imevurugwa na mlipuko wa volkano ya Tambora wa Aprili 1815, mvua zikawafungia ndani wageni wa Byron wakisoma hadithi za mizuka.

Tazama jinsi riwaya ilivyopangwa. Walton, nahodha, anamwandikia dada yake barua. Ndani ya barua zake mna masimulizi ya Victor Frankenstein. Ndani ya masimulizi ya Victor mna masimulizi ya kiumbe mwenyewe. Dibaji nayo haikutaja ushirikina wowote. Ilianza kwa kumtaja Daktari Darwin, yaani Erasmus Darwin, na wanafiziolojia wa Ujerumani, kwamba hawakuliona tukio la hadithi kuwa lisilowezekana kabisa. Mwaka 1803 Giovanni Aldini alikuwa amepitisha umeme katika maiti ya mtu aliyenyongwa London, na misuli ya maiti hiyo ikatikisika mbele ya watazamaji. Kwa hivyo msomaji wa 1818 hakuhitaji kuamini mizimu. Alihitaji kuiamini sayansi tu, na hapo ndipo alipotegewa.

Edgar Allan Poe alikwenda mbali zaidi. Hadithi yake kuhusu Bwana Valdemar (1845) imeandikwa kama taarifa ya kitabibu: saa, mapigo ya moyo, hali ya mapafu, majina ya mashahidi kwa vifupisho. Mgonjwa anapumbazwa kwa mesmerizimu akiwa mahututi, anakufa, na kwa miezi saba maiti yake haiozi bali husema. Wapo wasomaji, Marekani na Uingereza, walioipokea kama habari ya kweli, na mjini London ilitolewa kama kijitabu cha sayansi. Baadaye Poe alikiri kuwa aliibuni. Hapa paukwa imefichwa kiasi kwamba baadhi hawakuiona kabisa, na bunilizi imevuka mpaka ikawa uvumi.

6.0 Taipureta na Mwalimu wa Watoto: Stoker na James

Umbo hili lilifikia upeo wake katika Dracula ya Bram Stoker (1897). Riwaya nzima ni jalada la nyaraka: shajara ya Jonathan Harker iliyoandikwa kwa hati mkato, barua, telegramu, vipande vya magazeti, daftari la safari la nahodha wa meli ya Demeter, na maelezo ya Daktari Seward yaliyonaswa kwa fonografu. Mina Harker hupiga taipu yote hayo na kuyapanga kwa tarehe. Hakuna msimulizi anayejua yote, pana karani.

Inasemwa mara kwa mara kwamba Dracula huwakilisha mambo ya kale yanayoivamia London ya kisasa. Ni kweli, lakini Stoker hakuishia hapo. Vyombo vya usasa ndivyo vinavyomnasa mvamizi, na ndivyo pia vinavyomfanya aaminike. Kisha, katika maelezo ya kufungia, Harker anakiri jambo la kushangaza: karibu nyaraka zote za asili hazipo tena, zimebaki nakala za taipureta, na hawezi kumtaka mtu yeyote azikubali kuwa uthibitisho. Hatia inathibitishwa katika kurasa nyingi, kisha ushahidi unafutwa katika aya moja. Msomaji hubaki na imani asiyoweza kuitetea mbele ya mtu mwingine. Hiyo ndiyo hofu anayokwenda nayo kitandani.

Mwaka uliofuata Henry James alichapisha The Turn of the Screw (1898). Hapa pia pana hati. Mtu aitwaye Douglas anawasomea wageni mbele ya moto maandishi ya mwalimu wa watoto aliyekwisha kufariki. Mwalimu huyo anaona wafu wawili. Hakuna mtu mzima mwingine anayekiri kuwaona. Edmund Wilson (1934) alidai kwamba wafu hao ni mazigazi ya akili ya mwalimu mwenyewe, na mabishano hayajakoma. Kwetu umuhimu wa mabishano hayo ni kwamba yote mawili yanatisha. Ikiwa shahidi anasema kweli, watoto wamo mikononi mwa mizuka. Ikiwa hasemi kweli, watoto wamo mikononi mwa shahidi. James amekihamisha kitu cha kuogopwa kutoka kwa kiumbe hadi kwa anayemshuhudia.

7.0 Mzimu, Mirathi na Uvumi: Afrika Mashariki

Riwaya ya Kiswahili iliupokea utanzu huu kwa njia ya upelelezi. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960. Jina linaahidi mzimu, na mahali pa tambiko ndipo maiti inapokutwa. Lakini Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko aliyechorwa kwa kumfuata Sherlock Holmes, huukataa ushahidi wa wanaoamini na kumtafuta binadamu aliyetenda. Mpangilio huu unamkumbusha msomaji Radcliffe: hofu hukopeshwa mwanzoni, na akili hulipa deni mwishoni.

C. G. Mung'ong'o, katika Mirathi ya Hatari (1977), hakulipa deni kwa namna hiyo. Kijana msomi anarithishwa uchawi na babake, na riwaya haimpi msomaji Bwana Msa wa kumwambia kwamba yote yalikuwa mazingaombwe. Shahidi ni mtu wa shule, na ushahidi wake ni dhidi ya nafsi yake. Kwa hiyo hofu ya kazi hii haimo katika uchawi peke yake; imo pia katika swali la nini urithi hufanya kwa mtu asiyeuomba.

Pamoja na hayo, hadithi za kutisha zilizoenea zaidi kwetu hazikuwahi kuwa riwaya. Kamusi ya Frederick Johnson (1939) inaeleza mumiani kuwa dawa, na inataja imani ya watu kwamba hutengenezwa kwa damu ya binadamu. Katika miongo ya ukoloni ilisimuliwa Nairobi, Kampala na kwingineko kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwafyonza damu. Mwanahistoria Luise White (2000) aliyakusanya masimulizi hayo. Hakuyahukumu kwa kipimo cha kweli na uongo pekee. Aliyasoma kama lugha ambayo watu waliitumia kuuzungumzia utawala uliowachukulia vitu bila kueleza. Tuongeze kwamba masimulizi hayo yana umbo lile lile la Stoker: magari, sare, vyombo vya hospitali, na daima shahidi aliyenusurika. Tofauti moja tu ndiyo kubwa: hayana jalada la kitabu.

Tofauti hiyo ilidhihirika Zanzibar mwaka 1995. Masimulizi ya Popobawa, pepo mwenye bawa anayewavamia watu usiku, yalianzia Pemba yakafika Unguja. Familia zililala nje kwa makundi, zikikesha. Iliripotiwa kwamba pepo huyo huwaamuru waliovamiwa wawasimulie wengine, la sivyo atawarudia. Mhakiki hawezi kulipita jambo hili bila kusimama. Hapa msimulizi haombi "Pakawa" ya msikilizaji. Hadithi yenyewe inaamuru isimuliwe, na kila anayesimulia anageuka shahidi. Katika siku hizo mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili, asiyekuwa na kosa lolote, alidhaniwa kuwa ndiye Popobawa na kuuawa na umati mjini Zanzibar.

Kosa la Catherine Morland liliishia kwenye orodha ya dobi. La umati huo liliishia kwenye maiti.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba bunilizi ya kutisha imebadilisha ushahidi wake kila zama ilipobadilisha imani yake: hati ya kale kwa Walpole, hisi za mtu mmoja kwa Radcliffe, maabara kwa Shelley, taarifa ya kitabibu kwa Poe, mashine za ofisini kwa Stoker, na nafsi ya shahidi kwa James. Kwa hiyo msomaji huogopa pale anapoona kwamba vyombo anavyovitegemea kila siku kujua lililo kweli vinaweza kusema lolote. Naye huirudia hofu hiyo kwa kuwa kitabu humpa nafasi asiyoipata penginepo: kukaa kama hakimu, kupima ushahidi unaomlemea, kushindwa, kisha kukifunga kitabu bila mtu kudhurika. Jalada ndilo paukwa yake iliyofichwa, na akiihitaji atalikuta.

Kutokana na hayo tungependa kupinga desturi ya kuuweka utanzu huu nje ya mitaala yetu kwa hoja kwamba ni burudani nyepesi. Ngano, riwaya ya kutisha na uvumi ni ndugu watatu. Wa kwanza hutangaza paukwa yake, wa pili huificha, wa tatu hana. Mwanafunzi aliyefundishwa kumsoma wa pili kwa makini, akauliza nani anasema, kwa hati gani, na kwa nini tumwamini, atakuwa amejizoeza kumhoji wa tatu atakapobisha hodi. Usiku ule wa 1995, kabla ya jiwe la kwanza kurushwa, ilihitajika sauti moja ya kuuliza maswali hayo.